Nazi si Mnazi: Nani Mwenye Haki ya Kufufua Santuri Adimu?

Muziki wa dansi wa miaka ya 1960 na 1970 umerudi sokoni kwa njia ambayo wapigaji wake hawakuiota. Nyimbo zilizouzwa Nairobi na Dar es Salaam kwa shilingi chache sasa zinafyatuliwa upya Ulaya, katika majalada yanayong'aa, na kuuzwa kwa yuro. Kila toleo la namna hiyo likitokea, mabishano hufuata mkondo uleule. Kuna wanaosema tunaibiwa. Kuna wanaojibu kwamba tumeokolewa, kwa sababu sisi wenyewe tuliziacha kanda zikaota ukungu. Na hakosekani wa tatu, anayeuliza: bendi ilishavunjika, mtunzi alishafariki, kampuni ilishafungwa, sasa ruhusa iombwe kwa nani, makaburini?

Huyu wa tatu huuliza kwa mzaha, lakini ndiye aliyeuliza swali la maana. Wengi wanadhani halina jibu. Linalo, na mara nyingi jibu hilo lina jina na namba ya simu.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Santuri adimu ni ile iliyotoka kwa nakala chache na haikurudiwa. Huenda zilifyatuliwa mia chache tu, zikauzwa katika mji mmoja au mlangoni mwa ukumbi, zikaisha. Muziki wa chini kwa chini, kama ninavyoutaja hapa, si ule wa kijana chipukizi ambaye mitaani tunamwita andagraundi. Ni muziki uliopita pembeni ya kampuni kubwa na redio kubwa, ukabaki mikononi mwa wapenzi wachache wanaousaka kwa udi na uvumba. Kutoa upya ni kuirudisha sokoni rekodi ya zamani.

Matoleo mapya hayafanani. Lipo halali, ambalo mtoaji wake ameandikiana na wenye haki. Lipo bandia, linaloiga jalada, karatasi ya katikati na hata namba za santuri ya kwanza ili mnunuzi aamini ni ya zamani. Lipo la kiharamia, lenye rekodi ileile ndani ya jalada jipya, halijifichi kwamba ni jipya, ila ruhusa hakuna. Halafu lipo la mlango wa nyuma: onesho lililorekodiwa na mtazamaji, au kanda ya mazoezi iliyovuja, kitu ambacho wanamuziki hawakuwahi kukitoa. Katika rock, mfano maarufu wa mwanzo ni santuri ya nyimbo za Bob Dylan iliyouzwa Los Angeles mwaka 1969 ndani ya jalada jeupe lisilo na jina la kampuni.

Kazi za mashabiki huangukia zaidi aina hizi mbili za mwisho. Na shabiki ndiye anayevuruga hesabu. Haramia wa kawaida hutoa kinachouzika, kwa hiyo ni rahisi kumlaani. Shabiki hutoa anachokipenda. Anatumia akiba yake, anafyatua nakala 300 au 500, anakaa hadi usiku wa manane akiondoa mikwaruzo ya sindano, na pengine asirudishe hata alichotumia. Ukimwambia ni mwizi anashtuka kwelikweli.

Ili kuona anapokosea, twende Pwani. Huko watu wamezoea jambo linalowashangaza wa bara: shamba laweza kuwa la mtu mmoja na minazi iliyomo ikawa ya mwingine. Wewe ukinunua nazi sokoni umepata nazi. Hukupata mnazi, wala shamba.

Muziki uliorekodiwa una ngazi hizohizo tatu. Shamba ni utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo kama ulivyotoka kichwani mwa mtunzi, na haki yake ni ya mtunzi au warithi wake. Mnazi ni rekodi, yaani uimbaji na upigaji ulionaswa siku fulani katika studio fulani, na kwa kawaida haki yake huenda kwa aliyegharamia kazi hiyo. Nazi ni santuri uliyoishika. Sheria ya Tanzania Na. 7 ya 1999 inabeba mgawanyo huu katika jina lake lenyewe: ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Hakimiliki humlinda mtunzi. Hakishiriki huwalinda waliopiga na kuimba, mtayarishaji wa rekodi na kituo cha utangazaji. Anayetaka kufyatua upya santuri ya zamani anahitaji kibali cha shamba na cha mnazi, vyote viwili.

Kwa hiyo mtu anayesema "santuri ninayo, nilinunua kwa dola 500, ni yangu" amesema kweli nusu. Ni yake. Anaweza kuiuza, kuirithisha au kuitundika ukutani. Asichoweza ni kuitumia kama mbegu ya nakala nyingine 500 za kuuza. Bei aliyolipa haiingii hapo hata kidogo, kwa sababu alimlipa mkusanyaji mwenzake, na hakuna senti iliyomfikia aliyeimba.

Haki hizi zina umri, na hapa ndipo hata wanasheria wa mtaani huteleza, kwa kuwa shamba na mnazi havizeeki pamoja. Sheria ya Kenya ya 2001 inalinda utunzi hadi miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Rekodi inalindwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Mchukue Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Nyimbo alizozitunga zinalindwa Kenya hadi mwisho wa 2029. Lakini rekodi ya wimbo wake iliyofanywa, tuseme, mwaka 1973, ulinzi wake kama rekodi ulikwisha mwisho wa 2023. Kampuni haiwezi tena kumzuia mtu kwa ajili ya rekodi hiyo, ila familia ya mtunzi bado inaweza. Anayesoma nusu ya sheria huona mlango uko wazi. Aliyesoma yote anajua bado kuna mtu wa kubishiwa hodi.

Mipaka ya nchi nayo inaongeza mkanganyiko. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, santuri zake zikauzwa na kampuni ya HMV. Zikihesabiwa kama rekodi, Kenya muda wake ulikwisha zamani, na Ulaya vilevile. Marekani hesabu ni nyingine: rekodi zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 hulindwa miaka 100, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018, kwa hiyo ya 1928 husubiri hadi mwisho wa 2028. Na zile za kuanzia 1957 hadi Februari 1972 hulindwa huko hadi Februari 2067. Kwa maneno mengine, toleo moja linaweza kuwa safi Mombasa na Paris, kisha likishushwa bandari ya New York likawa na mwenyewe.

Sasa turudi kwa yule wa tatu na swali lake la makaburini, tulijaribu kwa bendi za Tanzania. Hakuna mahali nijuapo ambapo swali la nani alipanda mnazi limefumwa kwa mafundo mengi kama hapa.

Bendi nyingi kubwa hazikuwa mali ya wanamuziki. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi, ikaja kuwa Juwata, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, baadaye ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Jiji la Dar es Salaam. Jeshi, polisi na magereza nao walikuwa na bendi zao. Taasisi ilinunua magitaa na vipaza sauti, wanamuziki wakalipwa mishahara kama waajiriwa wengine. Kurekodi kulifanyika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ambayo ilibaki na kanda na kuzirusha hewani, na hazina hiyo sasa imo chini ya TBC, shirika la utangazaji la taifa. Kiwanda cha kufyatua santuri kinachofanya kazi nchini hakikuwepo, hivyo nyimbo zilivuka mpaka kwenda Nairobi, ambako kampuni kama PolyGram na AIT zilizitoa.

Hesabu wenye madai. Kuna taasisi iliyomiliki bendi, kuna redio iliyorekodi, kuna kampuni ya Nairobi iliyofyatua na mrithi wake wa leo, na kuna mtunzi. Mtunzi mwenyewe hakukaa mahali pamoja. Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa NUTA, akahamia Mlimani Park ilipoundwa, akaenda Orchestra Safari Sound katikati ya miaka ya 1980, kisha akarudi nyumbani Msondo. Ukikuta jina la bendi peke yake juu ya santuri, hujajua bado unamtafuta nani.

Shabiki wa Berlin au Tokyo akifika hapa hukata tamaa na kuandika "mwenye haki hajulikani". Namwelewa, ila hajasema kweli. Tatizo la rekodi hizi si kukosa mwenyewe, ni kuwa nao wengi mno. Wimbo usio na mwenyewe kabisa ni nadra. Wenye wenyewe wanne ambao hawajawahi kukaa meza moja ndio tulio nao tele, na kuwakutanisha ni kazi ya miezi, ya barua, nauli na vikao. Kufyatua bila kuuliza ni kazi ya wiki chache. Tofauti hiyo ya muda, kwa maoni yangu, ndiyo siri ya matoleo mengi yasiyo na ruhusa, kuliko hata tamaa ya fedha.

Hoja ya uokoaji haistahili kubezwa, maana ina ushahidi wake. Mfano mzito kuliko yote unatoka Japani. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Doshisha mjini Kyoto, Takashi Mizutani alianzisha bendi iliyoitwa Les Rallizes Dénudés. Walipiga rock yenye kelele nzito, gitaa likilia hadi sauti ya mwimbaji inazama. Sifa yao ilichanganyika na siasa za wakati ule: mpiga besi wao wa mwanzo, Moriaki Wakabayashi, alikuwa miongoni mwa waliomteka rubani na abiria wa ndege ya Shirika la Ndege la Japani Machi 1970 na kuishia Korea Kaskazini. Mizutani hakupenda studio wala waandishi. Kwa karibu miaka 30 ya uhai wa bendi, albamu rasmi za kwao wenyewe zilikuwa tatu tu, zote zilitoka mwaka 1991, kwa nakala chache.

Pengo hilo likajazwa na mashabiki. Kanda za maonesho zilizunguka mkono kwa mkono, zikageuzwa santuri na CD zisizo na ruhusa, nyingi hata kuzihesabu ni kazi. Wengi wa waliowapenda nje ya Japani hawakuwahi kusikia kitu chao halali. Walichokijua ni matoleo ya mlango wa nyuma peke yake. Bila hayo, bendi hii ingekuwa uvumi wa Kyoto na Tokyo. Hilo lazima likubaliwe.

Ila tazama gharama yake. Matoleo hayo yalipewa majina na watu wasiohusika. Tarehe na ukumbi vilikosewa au kubahatishwa. Kanda zilikuwa nakala ya nakala ya nakala, na kila unaponakili kanda sauti hupungua ubora, hivyo mashabiki walizoea mvumo ambao pengine haukuwa wa gitaa bali wa kanda iliyochoka. Watu wakaandika tahakiki ndefu za kimuziki juu ya kelele hiyo! Mizutani alifariki Desemba 2019, na ulimwengu haukujua hadi Oktoba 2021. Hapo ndipo waliowahi kupiga naye, akiwemo Makoto Kubota, walipojitokeza na chombo cha kusimamia kazi zake, na tangu 2022 albamu zile zimeanza kutoka upya kwa sauti iliyosafishwa kutoka kwenye kanda za asili. Maana yake kanda zilikuwepo muda wote. Nakala za mashabiki ziliwafikisha wasikilizaji hadi mlangoni, lakini waliokuwa na funguo ni wengine.

Na kuna njia ya katikati, ambayo inaonyesha kwamba swali la "nimtafute wapi" hujibika. Mmarekani Brian Shimkovitz alinunua kanda moja Cape Coast, Ghana, mwaka 2002, ya msanii aitwaye Ata Kak. Ilikuwa imerekodiwa Kanada na kutolewa mwaka 1994 kwa nakala kama hamsini hivi. Mwaka 2006 akaiweka mtandaoni bure, bila ruhusa. Lakini hakuishia hapo. Alimsaka msanii kwa miaka, akampata, wakaandikiana, na mwaka 2015 ikatoka rasmi, kwa utaratibu wake wa kugawana faida nusu kwa nusu na msanii. Alimpata pia Hailu Mergia, mpiga kinanda wa Ethiopia aliyekuwa akiendesha teksi Washington. Kazi yake ya 1985 ilitolewa upya mwaka 2013 na mzee akarudi jukwaani, akazunguka dunia. Sisemi mwanzo wake ulikuwa halali. Nasema juhudi ya kutafuta huacha alama, na asiyetafuta huacha alama pia.

Imani nyingine mbili nitazipitia upesi, kwa sababu hazina uzito. Ya kwanza: "Sikupata faida, kwa hiyo sina kosa." Sheria haziulizi kwanza kama umepata faida, zinauliza kama ulikuwa na ruhusa. Hasara yako ya nauli na kiwanda haimlipi mjane wa mpiga solo. Ya pili ni ile kauli maarufu chini ya video za zilipendwa: "Haki zote ni za mwenye wimbo, nimeweka kwa burudani tu." Kauli hiyo ni ungamo. Umekiri kwamba mali si yako, kisha ukaendelea.

Na hapo YouTube ndipo penye hatari mpya ambayo wengi hawajaiona. Mfumo wa kutambua nyimbo kwenye mtandao huo hufananisha sauti na sauti. Haujui nani alitunga. Unajua nani alisajili. Shabiki, au mfanyabiashara aliyejivika joho la shabiki, akiipeleka rekodi ya kiharamia kwa wakala wa usambazaji wa kidijitali na kuisajili, basi kwa macho ya mfumo yeye ndiye mwenyewe. Siku familia ya mwanamuziki ikipandisha wimbo wa baba yao, wanaweza kuandikiwa kwamba wametumia kazi ya mtu mwingine, na mapato ya matangazo yakaelekezwa huko. Enzi za vibanda vya kurekodi kanda, nakala ya haramia ilikuwa nakala tu. Leo nakala hiyohiyo inaweza kugeuka hati ya umiliki, na mzigo wa kuthibitisha ukamwangukia aliyeporwa.

Mnunuzi atalijuaje toleo lisilo na ruhusa? Sikio husaidia: mikwaruzo ya sindano inayosikika wakati wa ukimya wa mwanzo huashiria kwamba chanzo ni santuri nyingine, si kanda ya asili. Peke yake haitoshi, kwa sababu hata matoleo halali hulazimika kutumia santuri pale kanda ilipopotea. Ushahidi mkubwa uko nyuma ya jalada. Toleo lenye ruhusa kwa kawaida hutaja limepewa leseni na nani, hutaja watunzi mmoja mmoja, na mara nyingi huwa na kijitabu chenye picha na mazungumzo na waliopiga, kwa sababu aliyeomba ruhusa ameshakutana nao. Mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Kifaransa ya Buda Musique, unaoratibiwa na Werner Graebner, ni mfano mzuri wa kijitabu cha aina hiyo. Toleo la mlango wa nyuma huwa kimya. Jina la kampuni hujawahi kulisikia, anwani haipo, watunzi wameandikwa kwa jina la bendi.

Linalobaki ni la upande wetu, maana simu hizi hupigwa. Mtu huwasiliana na mzee aliyepiga besi mwaka 1975, au na binti yake, akitaka kuazima santuri au kupata baraka. Baraka ya mdomo isitolewe. Kabla ya chochote, kazi isajiliwe katika ofisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, KECOBO kwa Kenya. Picha za zamani, stakabadhi za redio, barua ya ajira ya bendi, hata tangazo la gazeti lenye jina lake, vyote vikusanywe, kwa kuwa siku ya mzozo ndivyo vitakavyosema. Mkataba utaje ni nyimbo zipi, nakala ngapi, nchi zipi, miaka mingapi, na malipo ya mwanzo ni kiasi gani kabla ya kugawana mauzo. Usajili wa kidijitali uwe na kifungu chake peke yake, au ukataliwe. Na isiandikwe popote kwamba mzee "anauza haki zote": mtu aliyepiga besi hana shamba la kuuza, ana mgao wake kama mtendaji, na akitia saini zaidi ya hapo atakuwa ameuza mali ya mtunzi aliyekaa naye benchi moja.